Daftari la Mchungaji Yoabu

Kengele ilikuwa kipande cha reli
kilichosalia njia ya gari-moshi ilipokwisha.
Alikitundika kwa waya, akakigonga kwa nati ya behewa,
na Kamalondo nzima ikajua: saa kumi na mbili,
Yoabu Mulimbi ameamka,
nasi hatuna udhuru.

Mji ulikuwa bado unaitwa kwa jina la malkia
ambaye hakuwahi kununua hata kibiriti kwetu.

Aliwaomba wakubwa wa misheni mbao,
wakamwandikia barua nzuri sana.
Basi akakivunja kichuguu cha nyuma ya nyumba,
kirefu kumpita yeye na kofia yake,
akafyatua matofali elfu nne na mia mbili
pamoja na watu wa zamu ya usiku
waliotoka kwenye tanuru la shaba na makoo yamekauka.
Malipo: herufi moja kwa matofali hamsini.
Baba yangu alifika kwenye M,
mvua ikaanza.
Maisha yake yote alisoma nusu ya kila neno
na nusu ya pili alikisia,
mara nyingi kwa usahihi.

Bwana Administrata alikuja na kofia ngumu.
Nani amekupa ruhusa ya kujenga?
"Mchwa, Bwana," alijibu Yoabu.
Akafungwa siku nane.
Siku ya tisa alirudi na mfungwa mmoja
aliyetaka kujifunza kugawanya.

Nimesikia wakimsifu siku ya mazishi,
nami nilikuwapo, nikitazama viatu vyangu.
Hawakusema kwamba alitupiga viganja
tuliponong'ona Kiluba darasani,
yeye aliyekuwa akiota kwa Kisanga,
mkewe Mariamu alisikia.
Hawakusema juu ya ubao wa bibi.

Bibi Banze alikuwa na ubao wa mti mweusi,
wa kutosha kukaa mkononi,
umejaa shanga, wengine kubwa, wengine ndogo.
Kidole chake kikipita juu yake
wafalme waliamka, mito ilivukwa,
watu walijulikana walizaliwa na nani.
Yoabu alisema ni sanamu.
Aliuchoma uwanjani, siku ya ubatizo,
tena kwa ustadi, kama mtu anayechoma matofali.
Bibi hakulia. Alisema tu:
"Umeunguza kitabu, Mwalimu,
kisha hauyue kusoma."

Hakukanyaga kanisani tena.
Lakini mimi alinileta hadi mlangoni, kila asubuhi,
akinishika mkono kwa nguvu,
akaniachia pale kizingitini
bila kutazama ndani.

Miaka ikaenda. Moshi wa bomba kubwa
ulikausha miche yake ya mipera mara tatu.
Macho yake yakaingia ukungu mweupe.
Nilikuwa na miaka kumi, mwandiko wangu ulikuwa safi,
akanichagua nimsomee daftari la mahudhurio.
Filipo, nasoma. "Filipo wa nani?"
Halikuandikwa. Wote walikuwa Filipo na Marta na Simoni,
safu kwa safu, hawana mama, hawana kijiji.
Akanituma mtaani na penseli.
Uliza. Andika pembeni.
Filipo wa Nkulu, wa Kabongo, aliifuata reli kwa miguu.
Marta wa Ngoie, hakuwa na ndugu.

Kisha akataka sindano, uzi na shanga,
nimshonee moja kando ya kila jina
ili kidole chake kiweze kupita.
Kubwa kwa waliokufa migodini.
Ndogo kwa walio hai.

Sisemi ilikuwa toba.
Pengine ni macho tu.
Bibi nilipomweleza, aliendelea kuchambua maharagwe,
akachambua hata yaliyokwisha kuchambuliwa.

Daftari ninalo mimi, katika sanduku la bati.
Panya wamekula pembe moja.
Ukurasa wa mwisho hauna jina lolote.
Una ushanga mmoja wa buluu
ambao sikuushona mimi:
umekaa upande, karatasi imechanika kidogo,
uzi umefungwa mafundo matatu
na mtu asiyeona.